Matengenezo ya Nyumba Si Sadaka

(Hotuba kwa wapangaji wa Kirumba, Mwanza)



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja, nalo ni hili: mpangaji afanye nini ili mwenye nyumba aitengeneze nyumba kwa wakati wake? Sitasema leo juu ya kupanda kwa kodi, wala juu ya madalali, ingawa najua mambo hayo nayo yanawauma. Mtu aendaye shamba na majembe matatu begani halimi zaidi ya aliyekwenda na moja. Tulime kipande kimoja tukimalize.

Nyumba zetu tunazijua. Nyingi ni za vyumba vinne, sita au vinane, ukumbi katikati, choo na bomba uani. Katika chumba kimoja hukaa baba, mama na watoto. Katika cha pili vijana wawili wa Mwaloni wanaopakia dagaa. Katika cha tatu mama anayeuza uji stendi. Mji wetu umejengwa juu ya mawe. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye majabali na kuupiga ukuta wa nyuma. Na pale ambapo hapakuchimbwa mtaro, maji hayo huula msingi kila mwaka kidogo kidogo. Chini ya mawe shimo la choo halichimbiki kwa urefu wa kutosha, kwa hiyo hujaa upesi. Na upepo wa Ziwa huinua bati lililolegea misumari. Haya si mambo ya kushangaza. Kila mwenye kukaa Kirumba anayajua, na mwenye nyumba anayajua kuliko wote.

Sasa vuli inakaribia. Mwezi wa Oktoba si mbali. Bati linalovuja leo litavuja zaidi mwezi wa Novemba, na mwezi wa Machi, masika yakianza, litakuwa limeozesha na mbao zake. Waya ulio wazi uani hautangoja mtu mzima aupite. Utamngoja mtoto aliyetoka kuoga na miguu yenye maji. Ufa ulio katika ukuta wa nyuma hautauliza ni nani amelala upande ule. Ndiyo maana nasema tuzungumze sasa, wakati ardhi ni kavu na fundi anapatikana.

Je, ni kazi ya nani?

Ukimwuliza mpangaji, "Kwa nini hujamwambia mwenye nyumba habari ya bati?" mara nyingi atakujibu, "Mimi ni mpangaji tu. Nina chumba kimoja. Hata mkataba sina." Neno hilo "tu" ndilo linalotumaliza. Mtu huyo anadhani kwamba kwa kuwa amepanga chumba kimoja, na kwa kuwa mapatano yalikuwa ya mdomo, sheria haimjui.

Sheria inamjua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 88, imetaja mambo ambayo mwenye kupangisha amejifunga kuyafanya hata kama hayakuandikwa mahali popote. La kwanza, mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake ataachwa akae kwa amani bila kusumbuliwa. La pili, nyumba au chumba kinachopangishwa kwa kukaa watu sharti kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku ya kwanza, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. La tatu ndilo ninalotaka mlishike sana: pale ambapo kilichopangishwa ni sehemu tu ya jengo, ni wajibu wa mwenye nyumba kuangalia paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu, na sehemu zinazotumiwa na wote, kama vile ukumbi na njia.

Sikilizeni vizuri. Sheria haikusema "mwenye jumba zima." Imesema sehemu ya jengo. Maana yake ni kwamba mama mwenye chumba kimoja, aliyedhani kuwa yeye ndiye mdogo kuliko wote mbele ya sheria, ndiye aliyetajiwa paa lake, ukuta wake na mfereji wake. Basi anapoomba bati litengenezwe haombi sadaka. Anakumbusha deni.

Nayo haki haiji bila kazi. Kifungu kinachofuata, cha 89, kinamtaka mpangaji alipe kodi kwa wakati, atunze alichopangishwa, akirudishe katika hali njema siku ya kuondoka, na amruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua kwa saa ya heshima baada ya kumpa taarifa. Mpangaji aliyevunja kitasa kwa ulevi wake hana wa kumdai kitasa. Wapangaji wanaotupa mifupa ya samaki na majivu katika mfereji, kisha wakaja hapa kulalamika kwamba mfereji umeziba, waanze kwa kuuzibua. Tukitaka kusema kwa sauti, mikono yetu iwe safi.

Zamani na sasa

Wako wazee hapa wanaokumbuka Mabaraza ya Nyumba. Yalitokana na sheria ya mwaka 1984 ya kuzuia kodi kupanda ovyo, na mpangaji aliweza kuyaendea. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo likaenea neno mitaani kwamba mpangaji hana tena sheria, na kwamba mwenye nyumba ni mfalme. Neno hilo si kweli. Kilichoondoka ni ule udhibiti wa kodi na mabaraza yake. Wajibu wa mwenye nyumba juu ya paa na kuta umo katika Sheria ya Ardhi niliyoitaja. Lakini sheria iliyomo kitabuni ni kama jembe lililomo dukani. Halilimi mpaka mtu alishike.

Sasa mtauliza: ikiwa sheria ipo, kwa nini bati linavuja mwaka wa tatu? Nitawaambia ninavyoona mimi. Linavuja kwa sababu maneno yetu hayana tarehe.

Tazameni mambo yanavyokwenda. Mwenye nyumba anakuja tarehe moja kuchukua kodi. Mpangaji anamwamkia, anampa fedha, kisha akiwa mlangoni anasema, "Mzee, na lile bati jamani." Mzee anajibu, "Nitamleta fundi." Wote wawili wanaagana kwa furaha. Mwezi wa pili maneno ni yale yale. Mwezi wa tatu mpangaji anaona haya kurudia. Mvua inanyesha, godoro linalowa, ndipo mpangaji anapiga kelele kwa hasira, naye mwenye nyumba anasema, "Mbona hukuniambia mapema? Na ukichoka, hama." Na mpangaji hana la kuonyesha. Hana barua, hana siku, hana shahidi. Amesema mara kumi, lakini mbele ya baraza ni kama mtu ambaye hakusema hata mara moja.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na malalamiko bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Somo hili si geni katika nchi hii ya Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Kila mkulima peke yake alinung'unika akarudi nyumbani na senti zake. Walipoungana waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kusoma mizani na kuandika, ili uzito wa pamba ujulikane kabla ya kubishana na mnunuzi. Kutokana na kazi hiyo vyama vya ushirika vilikua, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, hapa hapa Mwanza, ukiongozwa na Paul Bomani. Jambo kubwa lile lilianza kwa jambo dogo: mtu mmoja mwenye kalamu akisimama karibu na mizani. Sisi nasi tunahitaji mtu mwenye kalamu katika kila nyumba.

Hatua za kufuata

Nitazieleza moja moja, na naomba wanaojua kuandika waandike.

Hatua ya kwanza: wapangaji wa nyumba moja wakutane. Bati la ukumbini si la chumba cha tatu peke yake. Mkikutana jioni moja uani, mchagueni mmoja awe karani wa nyumba. Si lazima awe mwanamume, wala si lazima awe aliyesoma sana. Awe mwaminifu na mwenye mwandiko unaosomeka. Nunueni daftari moja kwa fedha ya wote.

Hatua ya pili: ikagueni nyumba ninyi wenyewe, kutoka paa mpaka mfereji, na kugawa ubovu katika mafungu matatu. Fungu la hatari: waya ulio wazi, ukuta unaoinama, choo kilichojaa au kilichotitia. Fungu la haraka: bati, bomba linalovuja, mlango wa nje usiofungika. Fungu la kungoja: rangi, sakafu iliyochubuka, kioo cha dirisha. Mkichanganya yote mtasikilizwa kama watu wanaolalamika juu ya kila kitu. Mkiyapanga, mwenye nyumba ataona mnasema na akili. Leo vijana wengi wana simu za kupiga picha. Pigeni picha, na muandike tarehe katika daftari.

Hatua ya tatu: mwandikieni mwenye nyumba barua moja ya wote. Iwe fupi, iwe ya adabu, na itaje siku. Nimeleta mfano:

"Kwa Mzee wetu mwenye nyumba. Shikamoo. Sisi wapangaji wa vyumba sita vya nyumba yako ya Kirumba tunakuarifu mambo matatu. Kwanza, waya wa umeme ulioko uani karibu na bomba umechubuka na uko wazi. Pili, bati juu ya ukumbi na chumba cha tatu limetoboka na maji yanaingia. Tatu, ukuta wa nyuma una ufa upana wa kidole, kuanzia dirishani mpaka kwenye msingi. Tunaomba uje uyatazame pamoja nasi Jumapili ijayo, au ututajie siku nyingine katika wiki hiyo. Tunaomba waya utengenezwe ndani ya siku 3, bati ndani ya siku 14, na ukuta kabla ya mwisho wa Oktoba. Kodi yetu tunaendelea kulipa kama kawaida. Nakala ya barua hii tumebaki nayo. Ni sisi wapangaji wako."

Chini yake kila mmoja atie jina na sahihi, na asiyejua kuandika atie dole gumba. Mwenye nyumba, au mtu wake, atie sahihi katika nakala kwamba ameipokea. Akikataa kutia sahihi, msigombane naye. Mpeni mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na mjumbe aandike katika daftari lenu kwamba amepewa mbele yake. Kama mwenye nyumba anakaa Dar es Salaam au Geita, mpelekeeni ujumbe wa simu wenye maneno yale yale, wala msiufute.

Hatua ya nne: akija, mtembezeni kwa heshima. Mwacheni aingie, aone, aulize. Kisha andikeni mapatano palepale: fundi nani, siku gani, nani analipa. Mwenye nyumba mwema hatachukizwa na karatasi hii, maana inamlinda yeye pia dhidi ya mpangaji mwongo.

Hatua ya tano: siku mliyopatana ikipita, msingoje ya pili. Kesho yake peleka barua ya kumkumbusha, fupi kuliko ya kwanza, ikitaja kwamba mtaomba msaada wa uongozi wa mtaa. Usitishe jambo usilokusudia kulifanya. Ukiandika siku saba, siku ya nane uwe njiani.

Neno kwa wenye nyumba

Ndugu wenye nyumba, msidhani nimewaita hapa ili niwatukane. Najua kwamba si kila mwenye nyumba ni tajiri. Katika Kirumba yetu yumo mama mjane aliyeachiwa nyumba ya vyumba vinne, naye anakaa katika kimoja na kuvuja anavujiwa kama wenzake. Kodi ya vyumba vitatu ndiyo chakula chake na karo ya wajukuu. Mtu huyu si adui wa mpangaji.

Lakini tufanye hesabu pamoja, na hizi ni tarakimu za mfano tu. Nyumba ina vyumba sita, kila kimoja Sh. 40,000 kwa mwezi. Mwezi mmoja ni Sh. 240,000, na kwa kuwa wengi wenu mnataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mnapokea Sh. 1,440,000 mkononi kwa siku moja. Fundi akisema bati mbili, misumari na ujira wake ni Sh. 120,000, hiyo ni nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Ukiacha, maji yataozesha kenchi, yataangusha dari, yatalegeza ukuta. Na mwaka wa pili fundi hatakutajia bati mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya wapangaji. Ufa ukiachwa, mpangaji atahama. Atakayejenga ukuta ni wewe.

Tena, aliyechukua kodi ya miezi sita kabla haijakaliwa hana njia ya kusema, "Sina fedha ya bati mpaka mwezi ujao." Fedha ya mwezi ujao alikwisha ichukua. Yafaa siku ile ile ya kupokea aweke kando fungu la nyumba, kama mkulima anavyoweka mbegu kabla ya kupika.

Na kwa yule ambaye kweli hana kitu, iko njia ya tatu, nayo ni mapatano ya kukatana. Wapangaji wanunue vifaa na kumlipa fundi, na gharama ipunguzwe katika kodi inayofuata. Njia hii ni njema, lakini ina masharti yake: mapatano yaandikwe kabla ya kazi kuanza, bei ya fundi ionwe na pande zote mbili, risiti zitunzwe, na mwenye nyumba atie sahihi kiasi kitakachokatwa. Mpangaji anayetengeneza kwanza na kudai baadaye anajitafutia ugomvi. Mwenye nyumba atasema, "Nilikutuma?"

Jambo jingine la kuandikwa katika daftari ni kodi ya jengo. Mwaka 2021 ilianza kukatwa kwa njia ya LUKU, na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Wapangaji waandike kilichokatwa, na jambo hilo lizungumzwe kwa wema siku ya mapatano.

Mambo ya kuepuka

Nasema na vijana hasa. Wako watakaosema, "Mambo ya barua ni ya nini? Tusilipe kodi mpaka atengeneze." Naelewa hasira yao. Lakini fikirini. Haki yako ya kukaa kwa amani imesimama juu ya nguzo mbili: kulipa kodi na kutimiza masharti. Ukiacha kulipa bila mapatano wala amri ya baraza, umeing'oa nguzo moja kwa mikono yako, na shauri litageuka. Ulikwenda kudai bati. Sasa unadaiwa kodi. Iko hali moja ambayo sheria yenyewe imesema juu ya kodi: nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata isifae kukaliwa, kodi au sehemu yake ya haki husimama mpaka itengenezwe. Hata hapo, msijiamulie peke yenu. Peleka shauri mahali pake.

Na wenye nyumba wajue upande wao. Kung'oa mlango wa mpangaji, kuezua bati juu ya kichwa chake au kumkatia maji ili ahame, si njia ya sheria. Kama upangaji ni wa mwezi kwa mwezi bila maandishi, anayetaka kuuvunja sharti atoe notisi isiyopungua mwezi mzima. Mpangaji aliyedai paa si mhalifu wa kufukuzwa usiku.

Akikataa kabisa

Ikiwa barua mbili zimepita na hakuna jibu, milango ni hii, na igongwe kwa utaratibu.

Mlango wa kwanza ni uongozi wa mtaa: mjumbe, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Mashauri mengi huisha hapa, kwa sababu mwenye nyumba haoni vyema kuitwa mbele ya jirani zake. Walakini tuseme kweli. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti yale yalilegezwa. Kwa hiyo leo si ajabu mkute kwamba kiongozi mnayempelekea shauri ndiye mwenye nyumba, au ni shemeji yake. Hilo likitokea, msikate tamaa wala msitukane. Mwombeni kwa adabu akae kando, na mwende mlango unaofuata.

Mlango wa pili, kwa mambo ya choo, maji machafu na nyumba isiyofaa kwa afya, ni Bwana Afya au Bibi Afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imewapa maofisa hawa uwezo wa kukagua na kutoa amri kwamba uchafu wenye kudhuru uondolewe. Choo kinachomwagika uani si ugomvi wa watu wawili. Ni hatari kwa mtaa wote, na katika mji wa kando ya Ziwa kipindupindu hakiulizi nani ni mpangaji na nani ni mwenye nyumba. Na kwa waya unaotishia maisha, msingoje kikao cha mtu yeyote: zimeni umeme na mwiteni fundi mwenye leseni au watu wa TANESCO siku ile ile.

Mlango wa tatu ni Baraza la Kata. Baraza hili lina wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hili halitoi hukumu katika mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, nalo limepewa siku 30. Msilidharau kwa sababu hiyo. Likisuluhisha, mmepona gharama. Likishindwa, ndipo njia ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya inafunguka.

Na huko juu ndiko mtakapoona faida ya daftari. Mwenye nyumba atasema, "Hawakuniambia." Karani wenu atasimama na kufungua: barua ya kwanza siku hii, sahihi hii, barua ya pili siku hii, mbele ya mjumbe, picha ya ufa mwezi wa Septemba, na picha ya ufa ule ule mwezi wa Novemba, stakabadhi za kodi, hakuna mwezi uliorukwa. Mtu maskini mwenye karatasi zake huheshimiwa barazani.

Juu ya hofu

Ndugu zangu, nimeyasema haya yote, lakini najua kiko kitu kinachotuzuia kuliko kutojua sheria. Ni hofu. Mama anasema moyoni, "Nikiandika barua nitaambiwa nihame, na chumba kingine karibu na Mwaloni nitakipata wapi kwa bei hii?" Hofu hiyo si upumbavu. Vyumba ni vichache na watu ni wengi. Mpangaji mmoja akisimama peke yake, kweli anaweza kuambiwa ahame.

Ndiyo maana nimesema barua iwe ya wote. Mwenye nyumba anaweza kumtoa mmoja na kumpata mwingine kesho. Kuwatoa sita kwa siku moja, na kukaa na nyumba tupu inayovuja, ni jambo jingine, na hesabu yake anaijua. Kwa hiyo anayejificha chumbani wakati wenzake wanatia sahihi, akisema, "Wakifaulu na mimi nitakauka," mtu huyo anawapunguzia wenzake ukuta. Asionewe, asitukanwe; aelezwe polepole, na aombwe tena.

Basi kazi ya wiki hii ni ndogo, na kila mtu anaiweza. Kabla ya Jumamosi, kila nyumba ikutane uani na imchague karani. Jumapili mkague paa, ukuta, waya na mfereji. Jumatatu barua iende. Mwenyekiti wetu amekubali tukutane tena mahali hapa baada ya wiki mbili, na kila karani aje na daftari lake atusomee: tumeomba nini, tumejibiwa nini, siku gani. Mwenye nyumba aliyetengeneza tutamtaja kwa shukrani mbele ya watu wote, maana na yeye anastahili. Na mahali ambapo hapajatengenezwa, tutajua mlango wa kugonga.

Mvua inakuja na tarehe yake. Nasi tuwe na yetu.